Je, Wajua? Maji ya Kigoma Huishia Bahari ya Atlantiki

Ikitajwa mito mikubwa ya Afrika, wengi wetu tunakimbilia Nile. Mto Kongo tunauachia Wakongo wenyewe, kana kwamba ni habari za mbali zisizotuhusu. Msomaji, kaa kitako. Mto huu unaanzia jirani, unachukua maji yetu, pembezoni mwake kinasemwa Kiswahili, na una mambo ambayo ukiyasimulia barazani watu watakutaka uape kwanza.

Mvua ya Uvinza inaelekea Atlantiki

Mkazi wa Uvinza akitaka kuiona bahari hupanda treni ya kwenda mashariki, Dar es Salaam. Maji ya Mto Malagarasi, unaopita hapo hapo kwake, hushika njia ya magharibi. Huingia Ziwa Tanganyika kusini ya Kigoma, hutoka upande wa Kongo kwa mto mmoja tu uitwao Lukuga, penye mji wa Kalemie, kisha humwagika katika Lualaba. Na Lualaba ndio huo huo Mto Kongo kabla haujabadili jina. Safari inaishia Atlantiki, upande wa pili wa bara.

Si maji yote yanayofika. Sehemu kubwa mno ya maji yanayoondoka ziwani hupanda angani kwa mvuke, na Lukuga hupata kidogo tu. Lakini njia ya kutokea ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Tena undugu huu ni wa kale kuliko ziwa lenyewe: wataalamu wa samaki wamekuta katika Malagarasi aina zinazoishi Mto Kongo lakini hazionekani ziwani. Wakaona kwamba Malagarasi ulikuwa ukitiririka moja kwa moja hadi Kongo, mpaka ardhi ilipopasuka katikati na kulizaa ziwa. Yaani Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, ndilo lililokuja baadaye na kuukuta mto safarini.

Mlango wa ziwa huziba na kuzibuka

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron aliufikia Lukuga akaukuta umesongwa na mchanga na magugu, maji yakijikokota. Wakati huo ziwa lilikuwa likijaa mwaka hadi mwaka. Kabla muongo haujaisha kizuizi kilizidiwa nguvu, na mmisionari Edward Coode Hore alipofika mwaka 1879 aliona mto ukienda kasi kuelekea magharibi. Ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo sababu mgeni anayetembelea mnara wa kumbukumbu pale Ujiji, mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, hushangaa kuona maji yako mbali naye.

Habari hii haijaisha. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, maji yakaingia majumbani Gatumba na Bujumbura nchini Burundi, na Uvira na Kalemie upande wa Kongo. Nchi nne zinalizunguka ziwa hilo, na zote zinategemea mlango mmoja mwembamba ulio ndani ya nchi moja.

Mlima mmoja, bahari mbili

Katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, matone mawili ya mvua yanayoanguka hatua chache tu mbali yanaweza kuachana moja kwa moja. Moja likateremka mashariki, likaingia Nile na kufika Mediterania. Jingine likateremka magharibi, likaingia Kongo na kufika Atlantiki. Ukingo huo wa milima unaendelea hadi Burundi.

Na Ziwa Kivu liliwahi kuhama upande. Zamani maji yake yalikwenda kaskazini, kwa Nile. Volkano za Virunga zilipolipuka na kurundika mawe njiani, ziwa likajaa, likatafuta upenyo kusini, na hapo ukazaliwa Mto Ruzizi unaoingia Tanganyika. Moto wa chini ya ardhi uliunyang'anya Nile ziwa zima na kuupa Kongo.

Abiria wa TAZARA huvuka Mto Kongo

Chanzo cha mbali kabisa cha Mto Kongo hakiko Kongo. Kiko kaskazini mashariki mwa Zambia, kwenye milima iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, unapoanzia Mto Chambeshi. Kutoka hapo maji huzama katika vinamasi vya Bangweulu, hutokea upande wa pili yakiitwa Luapula, hupita Ziwa Mweru, huwa Luvua, huungana na Lualaba, na mwisho huwa Kongo. Kila aliyepanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ameuvuka Chambeshi. Wengi walikuwa wamelala.

Kando ya mto huo huo ndipo Vita Kuu ya Kwanza ilipofikia mwisho kwa upande wa Afrika Mashariki. Ulaya waliweka silaha chini tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akikimbizana na Waingereza tangu 1914 pamoja na askari na wapagazi wa Kiafrika, hakuwa na habari. Zilimfikia tarehe 14 Novemba pale Chambeshi, siku tatu baadaye. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa vita vile hawakurudi makwao, na jiwe la kumbukumbu lililopo pale limepewa jina la jenerali.

Mto pekee mkubwa unaovuka ikweta mara mbili

Mto Kongo huanza kusini mwa ikweta, hupanda kaskazini na kuivuka kati ya Ubundu na Kisangani, hupiga upinde mkubwa ndani ya msitu, kisha hurudi na kuivuka tena karibu na Mbandaka. Hakuna mto mwingine mkubwa duniani wenye mwendo huo.

Faida ya upinde huu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Mvua za kaskazini na za kusini mwa ikweta hazinyeshi wakati mmoja. Upande mmoja ukiwa mkavu, upande wa pili umelowa, na matawi ya mto hupokezana zamu ya kuujaza. Ubangi huleta maji ya kaskazini, Kasai huleta ya kusini. Ndiyo maana pale Kinshasa mto una vilele viwili kwa mwaka, kikubwa karibu na Desemba na kidogo karibu na Mei, na hakuna msimu unaobaki mchanga mtupu. Anayeujua Ruaha Mkuu wa miezi ya kiangazi ataelewa neema iliyopo hapo.

Matangi 41,000 kila sekunde

Lifikirie tangi jeusi la lita 1,000, lile tunaloliweka juu ya nyumba kukinga siku za mgao wa maji. Mto Kongo humwaga baharini maji ya kujaza matangi kama hayo 41,000 kwa sekunde moja, kwa wastani wa mwaka. Hesabu moja, mbili, tatu: matangi 123,000.

Duniani kote ni Amazon pekee inayouzidi kwa wingi wa maji. Nile unaushinda kwa urefu, kilomita 6,650 dhidi ya 4,700 hivi, lakini kwa maji haiko daraja moja: Kongo una zaidi ya mara kumi ya maji yanayofika Aswan. Bonde lake linakaribia ukubwa wa Tanzania nne, na limegusa nchi zisizopungua tisa, Tanzania yenyewe ikiwa mojawapo.

Chini kabisa huishi samaki kipofu

Huu ndio mto wenye kina kirefu kuliko yote iliyowahi kupimwa. Karibu na mwisho wa safari yake, chini ya Kinshasa, vipimo vimepita mita 220. Jengo la KICC la Nairobi lina mita 105. Simamisha moja juu ya jingine, yote mawili yatazama na maji yatayafunika.

Huko chini hakufiki mwanga. Wavuvi wa sehemu iitwayo Bulu wamekuwa wakiokota samaki mdogo wa ajabu, mweupe kama asiye na damu, asiye na macho ya kuonea. Wanasayansi wanamwita *Lamprologus lethops*, na ni wa ukoo mmoja na sato na perege tunaowakaanga. Watafiti wa makumbusho ya viumbe ya New York, wakiongozwa na Melanie Stiassny, walijiuliza kwa nini kila mara anapatikana akiwa amekufa au anakata roho. Walipomchunguza mmoja walikuta viputo vya hewa mwilini mwake, dalili ile ile inayompata mzamiaji anayepandishwa juu haraka mno. Mikondo mikali humzoa kutoka kilindini na kumrusha juu kabla mwili wake haujazoea.

Mikondo hiyo hufanya na kazi nyingine ya kushangaza. Katika kipande cha maporomoko cha chini ya Kinshasa maji yana nguvu kiasi kwamba samaki wa ng'ambo hii hawawezi kuvuka kwenda ng'ambo ile, na baada ya vizazi vingi hugeuka kuwa aina tofauti. Ukuta wa kuwatenganisha ni maji yenyewe.

Livingstone aliutazama Kongo akitafuta Nile

David Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871. Mto ulikuwa unaelekea kaskazini, naye akatumaini kwamba huo ndio mwanzo wa Nile. Hakuwahi kupata jibu. Alikuwepo Nyangwe tarehe 15 Julai wafanyabiashara ya watumwa walipofyatulia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake, mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Taarifa yake ilitikisa Uingereza na kuongeza shinikizo la kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873.

Mwaka huo huo Livingstone alikufa karibu na vinamasi vya Bangweulu, bado akiwa ndani ya bonde la Kongo. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1874, kwa kifaa cha kupimia mwinuko. Cameron, yule yule wa Lukuga, alipima kimo cha Nyangwe akakuta kiko chini kuliko Nile pale Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo Lualaba haukuwa Nile.

Waliousafiri mto hadi baharini wengi walikuwa watu wa Zanzibar

Vitabu husema Henry Morton Stanley ndiye aliyeufuata mto hadi baharini. Ni kweli, lakini msafara uliotoka Bagamoyo Novemba 1874 ulikuwa na mamia ya watu, wengi wao Waungwana wa Zanzibar na mrima, wakiibeba mabegani mashua iitwayo Lady Alice iliyofunguliwa vipande vipande. Usukani wake ulikuwa mikononi mwa Uledi, ambaye Stanley mwenyewe aliandika kwamba aliwaokoa wenzake wengi wasizame. Waliingia Lualaba mwishoni mwa 1876, wakafika Boma, karibu na Atlantiki, Agosti 1877. Safari nzima ilichukua siku 999.

Wengi walikufa kwa njaa, maradhi, mapigano na maporomoko. Waliosalia walirudishwa kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi Zanzibar, ambako ndugu zao walikuwa wamekata tamaa. Hawa ndio wanaostahili kutajwa kwanza kila safari hii inapofundishwa.

Mto una shahidi wake kwa Kiswahili

Mtu aliyemsindikiza Stanley sehemu ya kwanza ya safari ya Lualaba alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, tajiri wa pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wa eneo la maporomoko ambako leo ni Kisangani. Kabla ya kufariki mwaka 1905 alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na simulizi hilo ni miongoni mwa kumbukumbu za maisha za mwanzo kabisa katika lugha yetu. Wanaolisoma wanakutana na Lualaba kwa macho ya mtu aliyeufanyia biashara, bila huruma nyingi kwa waliobebeshwa mizigo yake.

Biashara ile iliondoka, lugha ikabaki, na wenyeji wakaifanya yao. Leo Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Ukiwa Kindu au Kisangani utapata chakula, chombo cha kuvukia na habari za mjini kwa Kiswahili. Ukiteremka na mto kuelekea Mbandaka, Kilingala kinakipokea.

Wagenia huvua pale ambapo mtumbwi hauthubutu

Kati ya Ubundu na Kisangani mto hukatwa na maporomoko saba yaitwayo Boyoma, yaliyotandaa kwa kilomita 100 hivi. Lile la mwisho, lililo jirani na mji wa Kisangani, ni la Wavuvi wa Kigenia.

Hawatupi nyavu. Husimamisha magogo marefu matatu matatu katikati ya mapovu, wakiyakita kwenye matundu ya mawe na kuyafunga kwa kamba za porini. Juu ya magogo hayo huning'iniza migono mikubwa iliyosukwa kwa fito, yenye mdomo mpana na mkia mwembamba, mingine mirefu kumpita mtu. Mdomo huelekezwa kule maji yanakotoka. Samaki akikosea njia mkondo humsukuma hadi mwisho wa mgono na kumbana humo. Hana nafasi ya kugeuka, na nguvu ya maji haimwachi arudi. Kazi ya mwanamume ni kutambaa juu ya magogo yaliyolowa, akishika kamba, huku chini yake maji yakinguruma, na kuuinua mgono mmoja baada ya mwingine. Kila ukoo una sehemu zake za kutega, na ufundi huu hurithishwa baba kwa mwana.

Kilomita 1,700 bila poromoko hata moja

Baada ya Kisangani mto hutulia. Kutoka hapo hadi Kinshasa ni kilomita 1,700 hivi, na chombo kinaweza kupita bila kukutana na poromoko. Reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma ina kilomita 1,250 tu. Katika umbali wote huo mto hushuka takriban mita 100, yaani sentimita sita hivi kwa kila kilomita. Mahali pengine hutanuka zaidi ya kilomita 10, ukajaa visiwa kiasi kwamba mgeni hajui kingo ziko wapi.

Ndiyo barabara kuu ya msituni. Meli moja husukuma matishari kadhaa yaliyofungwa pamoja, na juu yake watu huishi kwa majuma: wanapika, wananyoana, wanauza sabuni na chumvi, wanazaa. Katikati ya safari mitumbwi hutokea vijijini, hupiga kasia kwa nguvu kuiwahi, hujifunga ubavuni ikiwa inatembea, na biashara ikaanza hapo hapo: samaki wa kukaushwa kwa moshi, viwavi, ndizi, mihogo iliyopikwa ikafungwa kwenye majani. Wakimaliza hufungua kamba na kuanza kurudi.

Miji mikuu miwili inayotazamana

Kinshasa na Brazzaville zimetenganishwa na maji ya kilomita chache tu. Ukiiacha Roma na Vatikani, hakuna miji mikuu ya nchi mbili iliyo karibu hivyo duniani. Na hadi leo hakuna daraja kati yao. Watu huvuka kwa boti, wakigongewa mihuri ya pasipoti kwa safari ya dakika.

Mto uliowagawa sokwe

Sokwe mtu wa kawaida, wa jamaa ya wale wa Gombe na Mahale, hupatikana kaskazini na mashariki ya Mto Kongo. Binamu yake bonobo hupatikana kusini mwa mto peke yake, na hana makazi mengine ya porini duniani kote. Sokwe hawa hawaogelei. Kundi moja la mababu zao lilijikuta ng'ambo ya pili zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na mto ukakataa kuwarudisha.

Tabia zao zikaachana. Kwa sokwe wa kaskazini dume ndilo linalotawala, na Jane Goodall, aliyeanza kazi Gombe mwaka 1960, aliwashuhudia wakipigana vita vya kuangamizana. Kwa bonobo majike ndiyo yenye usemi, na ugomvi humalizwa kwa kukumbatiana zaidi kuliko kwa meno. Hao ndio ndugu zetu wawili wa karibu kuliko wanyama wote.

Kinamasi kikubwa kuliko Malawi kiligunduliwa majuzi

Mwaka 2017 dunia ilipata habari kwamba katikati ya bonde la Kongo, chini ya msitu wa kinamasi, kuna tabaka la mboji lenye eneo la kilomita za mraba 145,500. Malawi nzima ina 118,000 hivi. Mboji hiyo ni majani na miti iliyoanguka majini tangu miaka elfu kumi na zaidi iliyopita ikashindwa kuoza sawasawa, maana chini ya maji hewa haifiki. Watafiti, akiwemo Mkongo Suspense Ifo pamoja na Waingereza Greta Dargie na Simon Lewis, waliingia kwa miguu wakiwa na fimbo ndefu za kupimia, tope likiwafika mapajani.

Ndani yake kuna kaboni ya takriban tani bilioni 30, sawa na inayotolewa na makaa, mafuta na gesi za dunia nzima kwa miaka kama mitatu. Ikibaki imelowa, inakaa salama. Ikikauka, itaoza na kupanda angani, na hakuna nchi itakayonusurika na joto lake. Kwa hiyo kinamasi kile kinamhusu mkulima wa Iringa na wa Eldoret sawa na mvuvi wa Mbandaka.

Umeme wa mabwawa 19 ya Nyerere

Chini ya Kinshasa utulivu huisha. Kwa kilomita 350 hadi Matadi mto hushuka mita 270 hivi kwa mfululizo wa maporomoko, na pale Inga hushuka mita 96 katika kipande kifupi tu. Wahandisi hukadiria kwamba Inga ikijengwa yote ingetoa megawati 40,000 hivi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina 2,115. Hata lile la Three Gorges la China, kubwa kuliko yote duniani, lina 22,500.

Kinachofanya kazi hadi sasa ni Inga 1 ya mwaka 1972 na Inga 2 ya mwaka 1982, ambazo kwa pamoja uwezo wake haufiki megawati 1,800. Watu wengi wanaoishi kando ya mto wenye nguvu kuliko yote Afrika bado wanapikia mkaa. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika ukurasa huu.

Hauna delta, una korongo chini ya bahari

Nile una delta, Rufiji una delta. Kongo hauna. Matope yake hayapati mahali pa kutulia, kwa sababu mlangoni mwake huanzia korongo refu linaloendelea chini ya bahari kwa mamia ya kilomita. Korongo hilo limeingia hadi ndani ya mto wenyewe, kabla ya kufika pwani.

Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto, mchanga na matope yaliporomoka humo na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 sakafuni mwa Atlantiki. Yalikata mikongo miwili ya mawasiliano, SAT-3 na WACS, na intaneti ikazorota kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini. Mtu wa Johannesburg alikuwa akilaumu simu yake, kumbe ni Mto Kongo.

Eneo la bandari ya Dar es Salaam liliwahi kukodishwa kwa faranga moja

Mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, bila kikomo cha muda. Uhuru ulipokaribia mwaka 1961 Mwalimu Nyerere aliukataa mkataba huo. Hoja yake ilinyooka: Uingereza ilikuwa mwangalizi wa muda wa Tanganyika, na mwangalizi wa muda hawezi kugawa mali kwa milele.

Bahari hadi bahari kwa reli na maji

Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kwa kukokotwa milimani, kwa maji ya Lualaba hadi Kabalo, na kwa treni tena hadi ziwani. Desemba mwaka huo zilianza kupigana, na zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916. Baadaye iliopolewa, na sisi tunaijua kwa jina la Liemba.

Njia zilizotumika hapo zilikamilisha jambo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita mtu aliweza kutoka Bahari ya Hindi hadi karibu na Atlantiki bila kugusa gari: treni Dar es Salaam hadi Kigoma, meli hadi Kalemie, treni hadi Kabalo na kuendelea hadi Kindu, chombo cha Lualaba hadi Ubundu, treni ya kuyakwepa maporomoko ya Boyoma hadi Kisangani, meli hadi Kinshasa, na treni ya mwisho hadi bandari ya Matadi.

Kama baba au babu yako alikuwa baharia wa Lualaba, karani wa reli ya Kalemie au mchukuzi wa gati la Kigoma, yaandike anayoyakumbuka angali hai, pamoja na majina ya vyombo na ya vituo. Kisha ututumie, tutayachapa.